Mfuko wa Nyuzi

Tarehe 31 Mei 2010, mjini Baltimore, fainali ya lakrosi ya wanaume wa vyuo vikuu vya Marekani iliingia muda wa nyongeza. Duke na Notre Dame walikuwa sare ya mabao 5 kwa 5. Mwamuzi aliuweka mpira chini katikati ya uwanja, wachezaji wawili wakauinamia, filimbi ikalia. Sekunde tano baadaye mchezo ulikuwa umekwisha. CJ Costabile wa Duke aliuchomoa mpira pale chini, akakimbia nao peke yake hadi mbele ya lango, akafunga.

Mkanda wa tukio hilo nimeurudia mara nyingi. Mwanzoni nilikuwa naangalia miguu yake, kwa kuwa mbio ndizo zinazovuta jicho. Siku moja nikaiacha miguu nikaanza kuangalia gongo, na tangu hapo ndilo ninaloliangalia kila mara. Costabile alikuwa na gongo refu, lile la mabeki, ambalo kanuni zinaliruhusu kufika inchi 72, yaani karibu mita 1.83. Mtu anakimbia kwa nguvu zake zote, wapinzani wako nyuma yake, ameshika mti wenye urefu wa mtu mzima, na mwishoni mwa mti huo umekaa mpira ndani ya mfuko wa nyuzi ulio wazi mdomo. Mpira haukudondoka. Kisha, alipotaka yeye, ukatoka, ukaenda alikoutuma.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaujua mpira wa magongo, ule wa kupiga ardhini kwa gongo lililopinda. Lakrosi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapa mpira huishi hewani na ndani ya magongo. Mpira wenyewe ni wa raba ngumu isiyo na uwazi ndani, una ukubwa wa mpira wa tenisi na uzito wa gramu 145 hivi. Ukikupata mwilini unaacha alama. Mchezaji wa ndani, yaani asiye kipa, haruhusiwi kuugusa kwa mkono. Anaudaka kwa gongo, anaubeba kwa gongo, anaurusha kwa gongo, na shuti la mchezaji mzuri wa chuo huweza kupita kilomita 160 kwa saa. Timu ina watu kumi, kipa mmoja na mabeki, viungo na washambuliaji watatu watatu. Wanacheza robo nne za dakika 15. Lango ni mraba wa futi sita kwa sita, na halikuwekwa kwenye mstari wa mwisho wa uwanja: limesogezwa ndani, hivi kwamba nyuma yake kuna nafasi pana ya kuchezea, na mashambulizi mengi hatari huanzia huko nyuma ambako kipa hawezi kuona bila kugeuka.

Hayo ya kanuni yanatosha. Nataka kuuzungumzia mfuko.

Mfuko wa gongo la lakrosi unatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Unatakiwa kuushika mpira wakati mtu anakimbia, anageuka, anapigwa magongo mikononi na kusukumwa mabegani. Papo hapo unatakiwa kuuachia mpira bila ubishi mara mkono unapotaka kurusha, tena kwa njia ileile kila mara, kwa sababu mrushaji hana muda wa kukisia. Ukiufanya mfuko kuwa na kina kirefu, mpira unatulia vizuri lakini unachelewa kutoka, unakwama kidogo mdomoni, na shuti lililolenga kona ya juu linaishia kwenye nyasi. Ukiufanya mfupi, mpira unatoka kirahisi lakini unatoka hata usipotaka. Na kanuni nazo zimeweka mpaka: gongo la mchezaji wa ndani likishikwa sambamba na ardhi huku mpira ukiwa mfukoni, sehemu ya juu ya mpira isizame chini ya ukingo wa chini wa kichwa cha gongo. Ndani ya nafasi hiyo ndogo, ambayo haizidi unene wa mpira wenyewe, ndimo fundi anamofanyia kazi yake.

Fundi huyo mara nyingi ni mchezaji mwenyewe, au mwenzake wa chumba cha jirani bwenini ambaye timu nzima inamjua kwa kazi hiyo. Gongo huweza kununuliwa likiwa na wavu wake tayari, lakini wachezaji wengi makini hununua kichwa kitupu cha plastiki, kipande cha wavu wa nailoni na nyuzi kadhaa, wakaketi chini wakaanza kushona. Kichwa kimetobolewa matundu juu na kwenye kuta zake mbili. Wavu hufungwa kwanza pale juu, ukakazwa. Kisha uzi mmoja unashuka ukuta wa kulia na mwingine ukuta wa kushoto, kila mmoja ukipita tundu la plastiki, ukishika jicho la wavu, ukipigwa fundo, ukashuka tena. Katika kushuka huko ndiko mfuko unakopata umbo. Ukiruka tundu mahali fulani, wavu unalegea hapo. Ukishika macho mawili kwenye tundu moja, wavu unakusanyika na kuzama, na hapo ndipo tumbo la mfuko litakapokuwa: juu karibu na mdomo kwa anayependa kurusha kwa haraka, katikati, au chini karibu na mpini kwa anayetaka kuubeba mpira kwenye msongamano wa watu.

Mafundo ya kulia na ya kushoto lazima yalingane kama mabega ya mtu. Yakipishana kwa jicho moja tu, mpira utakuwa unatoka ukiegemea upande, na mrushaji atahangaika na bega lake na nyayo zake bila kujua kwamba kosa lilifanyika mapema, kwenye fundo la tatu. Chini kabisa kuna kamba inayofunga mkia wa wavu, na kwa kuivuta au kuilegeza hiyo ndipo kina kinapopatikana. Mwisho zinakuja kamba za kurushia, zinazopitishwa kwa upana karibu na mdomo wa mfuko. Ndizo ngazi ya mwisho ambayo mpira unaikanyaga kabla ya kuondoka, na kukaza au kulegeza mojawapo kunabadilisha mahali mpira utakapotua upande wa pili wa uwanja. Wachezaji waliwahi kuzishusha kamba hizi hadi chini ili mpira ubanwe zaidi. Mwaka 2013 kanuni za vyuo zikazuia: zisishuke zaidi ya inchi nne kutoka juu ya kichwa.

Kazi hiyo ikiisha, gongo bado si gongo. Mtu anakwenda kwenye ukuta wa matofali akaanza kurusha, anadaka, anarusha, anadaka. Anasikiliza pia, maana mpira unaotoka vizuri hauna sauti mfukoni, na unaokwama hutoa mkwaruzo mdogo. Anarudi, anafungua fundo moja, analifunga upya, anarudi ukutani. Aliyewahi kuketi pwani karibu na mtu anayeshona wavu wa kuvulia samaki atautambua utulivu huo wa vidole, macho yakiwa hayaangalii tena kila fundo kwa sababu vidole vimekwisha jua.

Halafu kuna mikono. Mpira hautulii mfukoni kwa sababu ya mfuko peke yake. Anayeubeba huzungusha gongo kidogo kidogo, ndani na nje, kwa kifundo cha mkono wa juu, huku mkono wa chini ukiliacha lizunguke ndani ya kiganja. Wamarekani hukiita kitendo hiki kwa neno lao la kumlaza mtoto kwenye susu, na kwa Kiswahili nisingetafuta mbali: ni kumbembeleza. Kila mtoto aliyewahi kuzungusha ndoo ya maji hewani bila maji kumwagika ameujua ukweli ulio nyuma yake. Mwendo wa kuzunguka unaukandamiza mpira kwenye sakafu ya mfuko, nao unabaki pale hata gongo likiwa limesimama wima, hata likiwa limeinamishwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hubembeleza kwa nguvu, mkono mzima ukipepea, na beki mzuri humsoma kutoka mbali. Bingwa humwoni akifanya lolote. Kifundo kinacheza kidogo sana, mpira umelala, na yeye anaujua ulipo kwa uzito wake tu, kama mama anavyojua mtoto mgongoni amelala au yuko macho.

Gary Gait wa Chuo Kikuu cha Syracuse aliubembeleza mpira mahali ambapo hakuna aliyedhani panawezekana. Katika nusu fainali ya vyuo ya mwaka 1988 dhidi ya Pennsylvania, alikuja kutoka nyuma ya lango, akaruka, akanyoosha gongo juu ya mwamba wa goli na kuutumbukiza mpira kutoka juu. Alifanya hivyo mara mbili katika mchezo huo. Watu wanakumbuka kuruka kwake. Mimi nakumbuka kwamba alipokuwa hewani, mwili umelala na gongo limetangulia, mpira ulibaki mfukoni hadi alipougeuza.

Ufundi huu ni wa kale kuliko vyuo na kuliko Marekani yenyewe. Haudenosaunee, yaani mataifa ya Wairokwoi, ambao makao yao yako katika jimbo la New York na ng'ambo ya mpaka wa Kanada, waliucheza mchezo huu kabla ya Mzungu yeyote kuuona, na bado wanaueleza kuwa ni mchezo wa Muumba na ni dawa: huchezwa ili kumponya mgonjwa au kuituliza jamii. Wamisionari wa Kifaransa waliouona katika miaka ya 1630 ndio walioupa jina la Kifaransa linalotumika hadi leo. Miongoni mwa Haudenosaunee mtoto wa kiume hupewa gongo akiwa mchanga, na mwanamume huzikwa na lake.

Gongo hilo ni la mti wa hikori. Mtengenezaji aliyejulikana kuliko wote katika zama zetu alikuwa Alf Jacques wa taifa la Onondaga, mojawapo ya mataifa hayo, karibu na mji wa Syracuse. Alianza mwaka 1962, akiwa na miaka 13, pamoja na baba yake Louis, kwa sababu fedha za kununua gongo hazikuwapo nyumbani. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 2023. Miaka 61 ya kazi moja.

Alianzia msituni, kwa kuchagua shina lililonyooka, lisilo na fundo. Gogo lilipasuliwa kwa kabari na nyundo, kwa sababu msumeno hukata nyuzi za mti mahali popote, wakati kabari inazifuata. Gongo lililopasuliwa kwa kabari lina nyuzi zisizokatika kutoka mpinini hadi kwenye ncha, na ndiyo maana linaweza kukunjwa na kupigwa bila kuvunjika. Kipande kilichopatikana kilichongwa kwa kisu cha kuvuta chenye mishikio miwili, kikapewa mvuke hadi mti ukalainika, kikapindwa kama bakora, kikafungwa kisirudi, kikaachwa kikauke. Kukauka si kwa siku. Kunapita majira. Baadaye kilichongwa tena, kikatobolewa, kikasuguliwa, na mwisho kikafumiwa mfuko kwa kamba za ngozi, na kwa upande mmoja ukuta wa utumbo au ngozi mbichi. Kwa maana gongo la mbao lina ukuta wa mti upande mmoja tu. Upande wa pili unafumwa. Kwa hiyo kila gongo lilikuwa na tabia yake, zito upande huu, laini upande ule, na mchezaji alijifunza gongo lake kama mtu anavyojifunza mnyama wa kupanda. Likivunjika, aliomboleza kweli.

Kichwa cha kwanza cha plastiki kiliingia sokoni mwaka 1970, kikitengenezwa na kampuni ya STX. Mwaka uliofuata, 1971, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya ubingwa, na Cornell wakawafunga Maryland 12 kwa 6 kwenye fainali. Mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati, lakini historia nzima ya mashindano haya ni historia ya gongo jipya: jepesi, lenye kuta mbili zinazofanana, linalomruhusu kijana kurusha kwa kulia na kushoto sawasawa. Kasi ya mchezo tunayoiona leo ilianzia hapo. Kitu kimoja hakikubadilika. Plastiki inamwagwa kwenye kalibu, mpini wa aluminiamu au wa kaboni unatoka kiwandani, lakini mfuko, kwa wengi wa wale wanaofika fainali, bado unafungwa kwa vidole vya mtu, fundo baada ya fundo. Kiungo kati ya karakana ya Onondaga na uwanja wenye makumi ya maelfu ya watazamaji ni huo uzi.

Tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, iliyoanza kutolewa mwaka 2001, inaitwa Tewaaraton, jina la mchezo huu kwa lugha ya Wamohawk, taifa jingine la Haudenosaunee, na sanamu yake ya shaba ni ya mchezaji wa Kimohawk mwenye gongo la mbao. Mwaka 2014 ilitolewa kwa watu wawili kwa pamoja kwa mara ya kwanza, ndugu Lyle na Miles Thompson wa Onondaga, waliokuwa wakiichezea Albany. Walikuwa wa kwanza miongoni mwa wenyeji wa asili wa Amerika kuitwaa tuzo yenye jina la kwao. Na mchezo ulikuwa umekwisha fika mbali na kwao: mwaka huohuo, mjini Denver, Uganda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya lakrosi ya wanaume.

Narudi katikati ya uwanja, pale Costabile alipoanzia. Baada ya kila bao mpira hurudishwa hapo, na hilo ndilo linaloufanya mchezo huu kuwa wa kutisha: aliyekufunga anaweza kuupata mpira tena papo hapo, akakufunga tena kabla hujavuta pumzi. Timu za vyuo zina wachezaji ambao kazi yao ni hiyo peke yake. Wanaingia, wanainama, wanapigania mpira kwa sekunde mbili au tatu, wanatoka. Vichwa vya magongo yao hulala chini, pande mbili za mpira, migongo ya mifuko ikitazamana. Filimbi inapolia, mmoja anakigeuza kichwa cha gongo juu ya mpira na kuubana, kisha anauchomoa kwenda nyuma, mbele au pembeni kwa wenzake wanaokuja mbio kutoka kandokando. Sehemu ya chini ya mwili inafanya kazi kama ya mcheza mieleka. Hadi mwaka 2020 waliruhusiwa kupiga goti moja. Kuanzia msimu wa 2021 lazima wasimame kwa nyayo zao, na mshiko waliouzoea, wa viganja vyote viwili kutazama chini kama mtu aliyeshika usukani wa pikipiki, ukapigwa marufuku. Vijana waliokuwa wameufanya mwili wao uwe chombo cha kazi ile walijifunza upya vifundo vyao vya mikono.

Katika fainali ya 2013 Duke walikuwa nyuma mabao 5 kwa 0 dhidi ya Syracuse. Brendan Fowler akashinda mipira 20 kati ya 28 iliyopiganiwa pale katikati. Syracuse walikuwa na washambuliaji hodari, lakini mshambuliaji asiye na mpira hana la kufanya. Duke walishinda 16 kwa 10, na Fowler, kazi yake ikiwa ni kuinama na kubana, akatajwa mchezaji bora wa mashindano.

Fainali huchezwa Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Mwaka 2009 ilikuwa Foxborough, katika uwanja wa Gillette. Cornell, mabingwa wale wa 1971, waliongoza 9 kwa 8 na muda ulikuwa unakwisha. Walichotakiwa kufanya kilikuwa kuushika mpira tu. Ukawaponyoka. Matt Abbott wa Syracuse akaudaka karibu na lango akiwa hewani, akauachia kabla ya kuanguka, na Kenny Nims akaupokea na kufunga zikiwa zimebaki sekunde chini ya tano. Katika muda wa nyongeza Cody Jamieson wa Syracuse, Mmohawk, akafunga la kumi.

Tarehe 26 Mei 2025 Cornell walikuwa tena katika uwanja uleule, wapinzani wakiwa Maryland, walewale wa 1971. Hawakuwa wameuchukua ubingwa tangu 1977. CJ Kirst alifunga mabao sita, na Cornell wakashinda 13 kwa 10. Msimu huo alikuwa amekwisha vunja rekodi ya mabao mengi zaidi katika historia ya daraja la kwanza la vyuo kwa wanaume, na siku chache baadaye akapewa Tewaaraton. Mabao yake sita ya siku ile nayatazama polepole. Mpira unafika ukiwa na kasi, mfuko unarudi nyuma kidogo kuupokea, kama mkono unaopokea yai, kifundo kinageuka mara moja, nao umeondoka.

Kuna jambo hutokea katika michezo hii ambalo kamera hulipita haraka. Mwamuzi humwendea mchezaji, mara nyingine aliyetoka kufunga sasa hivi, na kumwomba gongo lake. Analipima. Anautia mpira mfukoni, anaangalia kutoka ubavuni kama umezama kupita ukingo. Kisha analiinamisha gongo taratibu, mdomo wa mfuko ukielekea chini, na kungoja. Mpira ukikwama, mchezaji anaadhibiwa. Kijana anasimama hapo, kofia ngumu kichwani, uwanja mzima ukimwangalia, akitazama mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Mpira unasita kidogo kwenye kamba ya mwisho. Halafu unabingirika, unatoka, unaangukia kiganjani mwa mwamuzi, naye anamrudishia kijana gongo lake.